TUMBO LA MFANYAKAZI: DAWA ZA NYUMBANI NA MPAKA WAKE



Katika mikutano yetu tunazungumza juu ya mishahara, saa za kazi na barua za ajira. Lakini mkutano ukiisha watu hunivuta kando na kuniuliza habari za tumbo. Mpakiaji wa magunia anaharisha tangu juzi. Dereva ana kiungulia kila usiku. Mama wa sokoni ana mtoto aliyefunga choo siku tatu. Wote huuliza jambo moja: ni majani gani yanafaa?

Mimi si daktari. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikabeba magunia miaka mingi kabla ya kuwa katibu mwandalizi. Haya ninayoandika nimeyapata kwa wazee wetu, kwa wahudumu wa afya wanaokuja katika semina za chama, na kwa kusoma. Nimeyaweka pamoja kwa sababu nimeona watu wakipona kwa dawa za nyumbani, na pia nimeona mtu akikaribia kufa kwa dawa hizo hizo. Tofauti ilikuwa ni kujua dawa za nyumbani zinaishia wapi.

KWA NINI TUNAKIMBILIA MAJANI

Kwanza tuseme ukweli. Mfanyakazi hakimbilii majani kwa ujinga. Kibarua akienda kupanga foleni hospitali asubuhi, siku hiyo hana ujira. Mwendesha boda boda akilaza pikipiki, mwenye pikipiki bado anangoja hesabu yake jioni. Mpera uko nyuma ya nyumba na hauulizi pesa.

Tena dawa za miti si jambo la kuchekwa. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale huko Tanzania, mtafiti Michael Huffman na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde walimfuata sokwe jike mgonjwa. Wakamwona akitafuna utomvu mchungu wa kijiti cha mti ambao Waganda huuita mululuza na Wajaluo huuita olusia. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Kalunde aliutambua mti huo mara moja, kwa kuwa kwao pia ni dawa ya tumbo. Basi wazee wetu hawakuota tu. Lakini sokwe yule alitafuna kidogo akatupa makapi. Hakuchemsha sufuria nzima akanywa siku saba.

TUMBO LINALOENDESHA

Ugonjwa unaotupata sana mpakani ni kuharisha. Hapa nitaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu.

Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalisimama Malaba kungoja vipimo vya madereva. Mlolongo ulienda kilomita nyingi, na watu walikaa humo siku baada ya siku. Vyoo havikuwapo vya kutosha. Maji yalinunuliwa kwa mtungi, na hakuna aliyejua yametekwa wapi. Taniboi mmoja, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alianza kuharisha usiku. Wenzake, kwa nia njema kabisa, walimchemshia shubiri mwitu ili tumbo lisafike. Shubiri ni dawa ya kuharisha, yaani inalegeza tumbo. Kijana alikuwa anapoteza maji, nao wakamwongezea mlango wa kuyatoa. Kufika asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na ukivuta ngozi ya tumbo ilibaki imesimama kama kitambaa.

Aliyemwokoa hakuwa na majani. Ni mama muuza chai wa kando ya barabara. Aliomba chupa ya maji safi ya lita moja, akapima sukari na chumvi yake ya chai, akatikisa, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko. Alipopata nguvu kidogo, tulimpakia kwenye boda boda, mwenzake mmoja akamshika kwa nyuma mpaka hospitali. Alipona. Daktari alituambia kwamba bila yale maji asingefika.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: anayeharisha huuawa na upungufu wa maji. Ukishughulika na kufunga tumbo ukasahau maji, umeacha adui wa kweli. Dawa yenyewe hutengenezwa hivi:

1. Maji safi lita moja, yaliyochemshwa na kupoa. Chupa ya dukani ya lita moja ndiyo kipimo.
2. Sukari vijiko vidogo sita, vya kusawazisha, si vya mlima.
3. Chumvi nusu ya kijiko kidogo, nayo ya kusawazisha.
4. Koroga mpaka viyeyuke. Onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, yamwage uanze upya, kwa maana chumvi nyingi ni hatari, hasa kwa mtoto.

Mtu mzima anywe glasi moja au mbili kila baada ya kuharisha. Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu glasi, na mkubwa wake nusu hadi glasi nzima. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha uanze tena polepole. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Chakula kisikatazwe. Maji hayo yasilale zaidi ya siku moja. Kama mnapata pakiti za chumvichumvi za zahanati, hizo ni bora zaidi kwa kuwa zimepimwa tayari. Mtoto pia hupewa vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, navyo hupatikana zahanati.

Kwa nini sukari? Sisi watu wa mpakani tutaelewa upesi. Katika utumbo, chumvi haivuki vizuri ikiwa peke yake. Sukari ni kama hati yake ya kuvukia. Vikivuka pamoja kwenda kwenye damu, maji huvifuata. Hata kipindupindu hakiwezi kuufunga mlango huo. Lakini sukari ikizidi sana huvuta maji kurudi tumboni. Ndiyo maana soda haifai kumpa anayeharisha.

Jambo hili lilithibitishwa katika shida kubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon, mji wa India ulio karibu na mpaka kama huu wetu. Kipindupindu kikaingia na maji ya sindano yakawa yanakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa watu maji ya chumvi na sukari kwa mapipa, wakinyweshwa na jamaa zao wenyewe. Kabla ya hapo walikufa kama 30 katika kila wagonjwa 100. Baadaye walikufa chini ya 4. Hakuna jani lolote duniani lililofanya kazi ya namna hiyo.

Je, majani ya mpera? Yanafaa kama msaidizi. Majani machache machanga yaliyooshwa na kuchemshwa yana ukakasi unaotuliza tumbo. Dawa iliyotengenezwa kwa majani hayo ilijaribiwa Mexico kwa watu wazima, ikafupisha muda wa maumivu ya msokoto. Kunywa kikombe ukipenda, lakini maji ya chumvi na sukari ndiyo kwanza. Uji mwepesi wa mtama au wimbi, wenye chumvi kidogo, nao ni rafiki.

Jihadharini na vidonge vya kufunga tumbo vinavyouzwa ovyo vibandani. Kama kuna damu au homa, kufunga tumbo ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Na vidonge vya kuua vijidudu visinywewe kwa kukisia. Kuharisha kwingi huisha wenyewe bila vidonge hivyo, na kunywa nusu dozi huwafundisha vijidudu kuizoea dawa.

KUFUNGA CHOO, GESI NA KICHEFUCHEFU

Hapa dawa za nyumbani zina nafasi yake kubwa.

Kufunga choo ni ugonjwa wa kazi yetu. Dereva anakaa kwenye usukani mchana kutwa na hanywi maji kwa kuogopa kutafuta choo njiani. Akibanwa, anajizuia. Baada ya miezi choo kinakuwa kama jiwe. Dawa yake ni maji ya kutosha, papai bivu, mboga za majani, na uji wa wimbi usiokobolewa. Ndugu zetu Wateso wanakoroga uji kwa ukwaju, ambao wao huuita epeduru. Hiyo ni dawa na chakula pamoja, kwani ukwaju hulegeza tumbo taratibu. Shubiri mwitu na mafuta ya nyonyo yana nguvu nyingi. Mama mjamzito asiyaguse, wala mtoto mdogo. Na mwenye maumivu makali ya tumbo asipewe dawa yoyote ya kuharisha.

Kichefuchefu hutulizwa na tangawizi. Ponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba, chemsha, unywe kidogo kidogo. Hili limechunguzwa sana, hata kwa akina mama wajawazito wanaotapika asubuhi, na limeonekana kusaidia. Ukitaka kutia asali, tia, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Gesi na kuvimbiwa mara nyingi hutokana na kula upesi, chakula kingi mara moja, na maharagwe yasiyolowekwa. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji yale, upike kwa maji mapya. Kula polepole hata kama gari linapiga honi.

KIUNGULIA NA VIDONDA VYA TUMBO

Wengi hulamba magadi au majivu, au hunywa maziwa kila wanapowaka kifuani. Magadi hupooza moto kwa muda mfupi, kisha moto hurudi. Yakizoewa huongeza chumvi mwilini na kudhuru mwenye presha. Kinachosaidia ni kula chakula kidogo usiku, kungoja saa mbili au tatu kabla ya kulala, kuinua upande wa kichwa wa kitanda, na kupunguza sigara na pombe.

Lakini vidonda vya tumbo ni jambo jingine. Zamani tuliambiwa vinatokana na mawazo na pilipili. Mwaka 1982, huko Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren waligundua kijidudu kinachokaa tumboni na kusababisha vidonda. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akakinywa kijidudu hicho mwenyewe, akaugua. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Maana yake kwetu ni kwamba vidonda vingi hupona kabisa kwa dawa za hospitali za siku chache. Mtu asiteseke miaka kumi akinywa kabichi na magadi.

Sababu nyingine inatuhusu sisi wabeba mizigo. Mgongo unauma, mtu anameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu. Vidonge kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni vikizoewa huchimba tumbo. Ukiona choo cheusi kama lami, hiyo ni damu iliyotoka juu. Usingoje mwisho wa wiki.

MINYOO

Mbegu za papai zilijaribiwa Nigeria kwa watoto 60. Waliopewa mbegu kavu na asali, wengi wao walitokwa na minyoo. Taarifa hiyo ilitolewa mwaka 2007. Ni jambo la kutia moyo, lakini kidonge cha minyoo kina uhakika zaidi, bei yake ni ndogo, na watoto hukipata bure shuleni. Wanaokula udongo wa sokoni, ule wa odowa, wajue kwamba unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

Somo kubwa la minyoo lilitoka hapa hapa Busia, upande wa Kenya. Kuanzia mwaka 1998 watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule za msingi 75 ambazo watoto wake walipewa dawa za minyoo kwa zamu. Utoro ulipungua kwa robo. Tena watoto ambao hawakumeza dawa, lakini wanakaa karibu na waliomeza, nao walipata nafuu, kwa sababu minyoo ilipungua ardhini. Ndugu, hiyo ndiyo maana ya umoja. Minyoo ya mwenzako ni yako, na afya ya mwenzako ni yako.

MPAKA WA DAWA ZA NYUMBANI

Kateni sehemu hii muibandike ofisini, kwenye lori au jikoni. Acha majani, nenda hospitali mara moja, ukiona moja ya haya:

- Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, au kutapika damu.
- Kuharisha choo kama maji ya mchele, mara nyingi kwa saa chache. Hicho chaweza kuwa kipindupindu. Endelea kunywa maji ya chumvi na sukari njiani.
- Macho kuingia ndani, kukosa mkojo, usingizi mzito, au kushindwa kunywa.
- Homa pamoja na kuharisha au kutapika, hasa kwa mtoto. Busia na Tororo zina malaria nyingi, na malaria huanza hata kwa tumbo. Apimwe damu.
- Maumivu makali yasiyokoma, tumbo gumu kama ubao, choo na hewa havipiti. Huenda akahitaji kupasuliwa. Asile wala asinywe dawa ya kienyeji.
- Kukonda, au tumbo kusumbua zaidi ya wiki mbili.

Wanaovua na kuoga katika Ziwa Victoria, upande wa Samia, wakumbuke pia kichocho. Kichocho cha matumbo huleta damu chooni, na kidonge chake kipo.

Ukifika hospitali, usifiche dawa ya miti uliyokunywa. Daktari hawezi kusaidia kama hajui kilichomo tumboni.

DAWA ILIYO KUBWA

Sasa nirudi kwa yule taniboi. Siku ile tulifurahi kwamba amepona. Lakini wiki iliyofuata wengine waliharisha palepale, kwa sababu maji yalikuwa yale yale na vyoo havikuongezeka. Tungeweza kuchemsha mipera yote ya Malaba bila kumaliza ugonjwa huo. Chanzo chake hakikuwa ndani ya matumbo yetu.

Hapa Busia vilevile watafiti waliwahi kupima chemchemi karibu 200 za vijijini. Zile zilizojengewa vizuri kwa saruji, maji yakatoka kwa bomba bila kukanyagwa, zilipunguza kuharisha kwa watoto kama kwa robo moja. Saruji, bomba na watu wa kijiji kukubaliana vilifanya kazi hiyo.

Nyumbani, kila mtu achemshe maji mpaka yatokote dakika moja, au atie dawa ya klorini kama kibandiko kinavyosema. Anawe mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Kazini, jambo hilo si la mtu mmoja. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na Uganda ina yake ya mwaka 2006. Zote mbili zinamtaka mwajiri aweke maji ya kunywa na vyoo vya kutosha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi ni haki ya kila mtu.

Tena kuna siku za ugonjwa. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na barua ya daktari. Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa aliyemaliza mwezi mmoja kazini mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Nanyi mnaoitwa vibarua kila siku, hesabuni siku zenu na mziandike kwenye daftari. Sheria ya Kenya inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimiza mwezi ahesabiwe kama mfanyakazi wa mwezi. Leteni madaftari hayo kwenye chama.

Ninawaomba kila kundi la wapakiaji, madereva na akina mama wa soko lichague mtu mmoja. Kazi yake iwe mambo matatu. Aweke pakiti za chumvichumvi, au sukari, chumvi na kijiko. Ajue njia ya karibu ya kufika hospitali usiku na nani ana pikipiki. Na aandike kila mwezi ni wangapi waliugua tumbo, na maji waliyokunywa yalitoka wapi. Tukienda kwa mwajiri au kwa wakuu wa mpaka tukiwa na daftari mkononi, hawatatuambia kwamba tunalalamika tu.

Mpera uendelee kuota nyuma ya nyumba. Tangawizi iendelee kutiwa katika chai. Lakini tusiruhusu mtu atuambie kwamba majani yatosha kwa wafanyakazi, na choo na maji ni vya wakubwa.

Umoja ni nguvu.

Katibu Mwandalizi